Hotuba Huandikwa Mara ya Pili kwa Mdomo

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa dakika kumi za kuzungumza mbele ya mkutano mkuu wa chama cha kitaaluma nilichokuwa mwanachama wake. Nilikuwa na majuma matatu ya kujiandaa, na sikuyapoteza: niliandika rasimu, nikaitupa, nikaandika nyingine, nikaisoma nyumbani, nikaisoma safarini, nikaisoma usiku wa kuamkia siku yenyewe hadi nikawa najua aya ipi inaanzia juu ya ukurasa upi. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimeipitia si chini ya mara ishirini. Nilipopanda jukwaani na kuanza, sentensi ya tatu ilinishinda. Sikuwa nimeisahau, kwani karatasi ilikuwa mbele yangu na maandishi yalikuwa makubwa. Pumzi ndiyo iliyokwisha kabla kitenzi hakijafika. Nilivuta hewa katikati ya neno, nikajikwaa, nikarudi nyuma kuianza upya, nikawaona watu wa safu ya mbele wakiinamisha macho kwa huruma, na kuanzia hapo nilisoma kwa kasi ya mtu anayetaka kufika mwisho na kuketi. Dakika kumi nilizopewa zikawa sita na ushee.

Ilinichukua muda mrefu kuelewa kilichotokea, kwa sababu nilikuwa nikitafuta kosa mahali ambapo halikuwepo. Nilidhani ni woga. Woga ulikuwepo, lakini haukuwa chanzo. Katika zile mara ishirini nilizoisoma hotuba yangu, sikuwahi hata mara moja kuisoma kwa sauti. Macho yangu yaliizoea hotuba ilhali kinywa changu kilikuwa kikikutana nayo kwa mara ya kwanza, mbele ya watu, huku nikiwa nimesimama. Macho hayahitaji pumzi. Yanaweza kuruka mistari minne kwa pamoja, kurudi nyuma kidogo kutafuta kiima kilichopotea, kisha yakaendelea bila mtu yeyote kutambua. Kinywa kinakwenda upande mmoja tu, neno baada ya neno, na msikilizaji naye anafuata upande huo huo bila uwezo wa kurudi.

Sentensi yenyewe bado ninayo, kwa sababu niliihifadhi ile karatasi. Ilisema hivi: "Utekelezaji wa mapendekezo yaliyowasilishwa na kamati iliyoundwa mwaka jana kwa ajili ya kuchunguza matatizo yanayowakabili wanachama wapya wanaojiunga kutoka katika fani zinazokaribiana na yetu unahitaji ushirikiano wa kila mmoja wetu." Kwenye karatasi haina kosa la sarufi. Lakini kati ya "utekelezaji" na "unahitaji" kuna maneno 23, na mtu anayesikiliza analazimika kulibeba neno la kwanza mikononi muda wote huo, akingoja kuambiwa aliweke wapi. Lugha yetu inaruhusu jambo hili kwa urahisi mno. Upatanisho wa ngeli unatusaidia kukiunganisha kitenzi na kiima chake hata vikiwa mbali, na viambishi vya urejeshi vinatuwezesha kuning'iniza kishazi juu ya kishazi bila kuvunja kanuni yoyote. Msomaji ataona "u-" ya "unahitaji" na kurudisha macho kwenye "utekelezaji". Msikilizaji atakuwa amekwisha kusahau.

Laiti ningeisoma kwa sauti hata mara moja, peke yangu, ningeishiwa pumzi nyumbani, na ningeirekebisha. Ningesema: "Mwaka jana tuliunda kamati. Tuliituma ichunguze matatizo ya wanachama wapya, hasa wale wanaotoka katika fani zinazokaribiana na yetu. Kamati imerudi na mapendekezo. Kuyatekeleza kunamhitaji kila mmoja wetu." Mambo yaliyomo ni yale yale. Tofauti ni kwamba maneno haya yamepita mdomoni, na mdomo umeyakata pale unapohitaji kupumua.

Tangu siku hiyo nimekuwa na imani moja ambayo sijapata sababu ya kuiacha, nayo ni kwamba mazoezi ya hotuba ni sehemu ya kuiandika. Watu wengi huandika, wakamaliza, ndipo wakaanza kufanya mazoezi, kana kwamba mazoezi ni kazi ya kujifunza kukibeba kitu ambacho tayari kimekamilika. Mimi nasoma kwa sauti nikiwa na kalamu mkononi tangu rasimu ya kwanza. Ulimi ukikwama mahali fulani mara moja, naacha. Ukikwama hapo hapo mara ya pili, siulaumu ulimi, nabadilisha neno. Yapo maneno yetu yanayoonekana ya kawaida yakiandikwa, lakini yanamtesa msemaji: jaribu kutamka "yaliyoyaathiri" au "lililolilazimu" mbele ya watu mia mbili huku koo limekauka. Upo pia ule mnyororo wa vihusishi ambao jicho haliuoni lakini sikio linauchukia, kama vile "mipango ya maendeleo ya mafunzo ya walimu ya mwaka ujao". Ukiusoma kwa sauti unasikia "ya, ya, ya, ya" kama mtu anayegonga mlango usiofunguliwa.

Wazo kwamba hotuba hukamilika katika matamshi ni la zamani sana. Demosthenes, aliyezaliwa Athens mwaka 384 KK na ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa wahutubu wakubwa kuliko wote wa Ugiriki ya kale, alichekwa aliposimama mbele ya watu mwanzoni. Plutarch, aliyeandika maisha yake karne nyingi baadaye, anasimulia kuwa sauti yake ilikuwa dhaifu, matamshi hayakuwa wazi na pumzi ilikuwa fupi, kiasi kwamba sentensi zake zilikatika na maana ikapotea. Niliposoma hapo kwa mara ya kwanza niliikumbuka sentensi yangu ya tatu. Watu hukumbuka zaidi habari ya vijiwe alivyoweka mdomoni ili kuulazimisha ulimi kutamka vizuri, au ya kusoma mashairi huku akipanda mlima, au ya chumba alichokichimba chini ya ardhi, ambako alijifungia hata kwa miezi miwili au mitatu akiwa amenyoa nusu ya kichwa ili aone aibu kutoka nje. Mimi naona sehemu muhimu ya simulizi hiyo ni nyingine, tena haina maajabu. Alipokuwa amekata tamaa, mwigizaji aitwaye Satyrus alimwomba asome kifungu cha tamthilia. Demosthenes akasoma. Kisha Satyrus akakisoma kifungu kile kile yeye mwenyewe, kwa kiimbo na hisia zinazofaa, na Demosthenes akakisikia kama kifungu kingine kabisa. Maneno hayakubadilika hata moja. Aliyekuwa ameyaona maneno hayo kwa macho sasa aliyasikia kwa sikio, na hapo ndipo alipojua kazi yake iko wapi.

Jambo la pumzi nitalikazia kidogo, kwa sababu ndilo lililoniangusha, na ndilo ninaloona likiwaangusha wengine. Mfalme George wa Sita wa Uingereza alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na kwa miaka mingi alifanya mazoezi na Lionel Logue, mtaalamu wa matamshi kutoka Australia. Tarehe 3 Septemba 1939, vita vilipotangazwa, mfalme huyo alilazimika kuzungumza redioni na himaya nzima ikimsikiliza. Nakala ya hotuba ile imehifadhiwa ikiwa na alama za Logue, zinazoonyesha mahali pa kutua na kuvuta pumzi. Sikio la mtu wa redioni lilisikia vituo vya mtu mtulivu anayepima maneno yake. Kumbe kila kituo kilikuwa kimepangwa, kimejaribiwa na kuwekewa mstari kwa kalamu. Mimi nami nilianza kuweka mistari. Mstari mmoja wa mshazari ni pumzi fupi, miwili ni kituo ambacho nahesabu kimoyomoyo hadi tatu. Kituo cha kuhesabu hadi tatu kinaonekana kirefu mno kwa anayesimama mbele, na mara za mwanzo mwili wote hukataa. Kwa anayesikiliza ni muda wa kulimeza lililosemwa, na mara nyingi ndio muda pekee anaopewa.

Kutua kunasaidia kwa namna nyingine pia. Katika Kiswahili mkazo wa neno unakaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hatuna uhuru mkubwa wa kulipigia neno kelele ili lionekane muhimu. Tunachoweza kufanya ni kulipangia mahali pake. "Hatukuombwa fedha. Tuliombwa muda." Neno zito likiwa mwishoni, kabla ya kimya, halihitaji kupaziwa sauti. Likiwa katikati ya sentensi, hata ukilipigia ngumi mezani, litafunikwa na yanayofuata. Haya sikuyajifunza katika kitabu cha sarufi. Niliyajifunza kwa kusoma aya moja kwa namna nne tofauti katika chumba kilichofungwa mlango, hadi nikaisikia namna iliyo sahihi.

Suala la muda ni jepesi, na nitalipita haraka. Nilijipima kwa saa nikagundua kuwa, nikizungumza kwa utulivu, nasema maneno takriban mia moja kwa dakika, kwa hiyo dakika kumi ni maneno elfu moja, na hotuba niliyoandika kwa maneno elfu moja na mia tano haiwezi kuokolewa kwa kuharakisha. Kila mtu ajipime mwenyewe. Apime akiwa amesimama na akisema kwa sauti kamili, kwani kunong'ona kitandani kunadanganya.

Linalostahili kukaliwa kwa kirefu ni suala la kukariri. Nimewahi kujaribu kukariri hotuba nzima neno kwa neno, na nakiri kuwa inavutia kumwona mtu akizungumza bila karatasi. Lakini aliyekariri neno kwa neno anatembea juu ya kamba. Winston Churchill alipokuwa mbunge kijana alikuwa na mazoea ya kukariri hotuba zake zote. Tarehe 22 Aprili 1904, akiwa katikati ya hotuba bungeni, maneno yalimtoroka, akasimama bila la kusema, na hatimaye akaketi bila kumaliza. Tangu siku hiyo, kwa zaidi ya nusu karne aliyobaki katika siasa, alikwenda na maandishi yake mkononi, yakiwa yamepangwa kwa mistari mifupi mifupi kama ya zaburi. Wapo wanaoliona hilo kuwa dalili ya udhaifu. Mimi naliona kuwa ni heshima kwa wasikilizaji: alijua kuwa kumbukumbu inaweza kumsaliti yeyote, naye hakutaka watu waliokuja kumsikiliza walipie usaliti huo.

Njia ninayoipenda mimi iko katikati. Nakariri sentensi ya kwanza na ya mwisho, kwa sababu ya kwanza husemwa wakati moyo unadunda zaidi, na ya mwisho ndiyo watu watakayoondoka nayo. Yaliyomo katikati nayajua kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kwao: anajua zamu zote, ingawa hajui atakanyaga jiwe lipi. Ili kufika hapo nalazimika kufunga karatasi. Mwaka 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambayo wanafunzi walisoma kifungu cha habari. Baadhi wakakisoma tena, na wengine wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya juma moja hali iligeuka, na waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na zaidi. Nilipoyasoma matokeo hayo nilielewa kwa nini zile mara zangu ishirini hazikunifaa. Kila nilipoisoma hotuba niliiona imezoeleka, nikadhani naijua, kumbe nilikuwa nimeizoea sura yake tu. Siku hizi nasoma aya, nageuza karatasi, nasema aya ile kwa maneno yatakayokuja, kisha natazama nilichoacha. Mara nyingi nilichoacha hakikuwa na umuhimu, na hapo nakifuta. Mara nyingine nimesema kwa maneno bora kuliko niliyoandika, na hapo nayaandika hayo mapya.

Pia sifanyi yote siku moja. Hermann Ebbinghaus aliandika tangu mwaka 1885, baada ya kujifanyia majaribio mwenyewe kwa muda mrefu, kwamba kurudia kulikotawanywa katika siku kadhaa kunadumu kuliko kurudia kule kule kulikorundikwa pamoja. Dakika ishirini kila jioni kwa siku sita zinanitosha kwa hotuba ya dakika kumi. Saa mbili za usiku wa mwisho huniacha na sauti iliyochoka na hofu mpya.

Watu huniuliza kama mazoezi mengi hayamfanyi mtu asikike kama kinanda, akisema bila roho. Naelewa wasiwasi huo, na namjibu kila anayeuliza kwa mfano wa Martin Luther King. Tarehe 28 Agosti 1963, mbele ya watu wapatao robo milioni mjini Washington, aliiacha hotuba aliyoiandaa akaingia katika sehemu ya ndoto ambayo dunia inaikumbuka hadi leo, na inasimuliwa kuwa mwimbaji Mahalia Jackson, aliyekuwa karibu naye, alimpazia sauti awaambie watu kuhusu ndoto. Sehemu hiyo haikuwa katika maandishi yake ya siku ile. Lakini haikuwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwake. Alikwisha kuitamka Rocky Mount, katika jimbo la North Carolina, mwezi Novemba 1962, na akaitamka tena Detroit mwezi Juni 1963, miezi miwili tu kabla ya Washington. Ukumbi wa shule na mkusanyiko wa mji mwingine vilikwisha kumwonyesha pumzi inakwenda wapi na watu wanaitikia wapi. Aliweza kuiacha karatasi kwa sababu mdomo wake ulikuwa na mahali pa kwenda. Uhuru ule ulitokana na mazoezi, na ndio maana siamini kuwa mazoezi huua roho ya hotuba. Kinachoua roho ni kurudia bila kusikiliza unachosema.

Kioo sikipendi. Inasimuliwa kuwa Demosthenes alikuwa na kioo kikubwa cha kufanyia mazoezi, na walimu wengi wa kuhutubu wamekipendekeza tangu enzi hizo, lakini nilipokijaribu nilijikuta nikimtazama mtu ambaye sitamwona siku ya hotuba. Nilitazama mabega yangu, nikatazama mikono yangu, na masikio yakaacha kazi. Kinasa sauti cha simu kimenisaidia zaidi, ingawa siku ya kwanza kilinihuzunisha. Sauti tunayoisikia tukizungumza hutufikia kwa njia mbili, kupitia hewani na kupitia mifupa ya fuvu, na ile ya mifupani huongeza uzito; kinasa sauti hutoa ile ya hewani peke yake, ambayo ndiyo wengine huisikia siku zote. Kwa hiyo sauti nyembamba ngeni unayoisikia haina hitilafu. Ukishaizoea, utaanza kusikia mambo ya maana: mahali unapomeza silabi za mwisho, sentensi unazozimaliza kwa sauti inayofifia, neno ambalo umelirudia mara saba bila kujua. Langu lilikuwa "kimsingi".

Hata hivyo hakuna chombo kinachochukua nafasi ya mtu. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alieleza mwaka 1965 kwamba kuwepo kwa watazamaji humsukuma mtu kutenda lile lililo karibu zaidi naye: kama jambo amelizoea barabara, atalifanya vizuri zaidi mbele ya watu, na kama bado hajalimudu, makosa yataongezeka. Miaka minne baadaye yeye na wenzake walilionyesha jambo hilo hata kwa mende, ambao walikimbia upesi zaidi katika njia iliyonyooka walipotazamwa na mende wengine, na walichelewa zaidi katika njia yenye kona. Maelezo haya yalinifungua macho, kwa sababu yanaonyesha kuwa watazamaji hawamletei msemaji jambo jipya. Wanakuza alichokuja nacho. Nami nilikuja na sentensi ambayo kinywa changu hakikuwahi kuitamka.

Kwa sababu hiyo natafuta msikilizaji mmoja kabla sijakutana na wengi. Simwombi aniambie kama ni nzuri, kwa maana atasema ni nzuri. Nikimaliza namwomba aniambie amesikia nini, kisha nanyamaza. Akiniambia jambo ambalo mimi nililiona dogo, najua nimelipa nafasi kubwa mno. Asipolitaja lile nililolikusudia, najua halikufika. Msikilizaji wa namna hiyo pia amenisaidia kuhusu woga, kwa njia ambayo sikuitarajia. Nilikuwa nikiamini kwamba kila aliyekuwepo aliyaona magoti yangu yakitetemeka. Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walichapisha mwaka 2003 utafiti juu ya imani hiyo hiyo: wasemaji hudhani woga wao unaonekana wazi kuliko unavyoonekana kwa kweli, na wale waliofahamishwa mapema kuhusu dhana hiyo potofu walizungumza vizuri zaidi kuliko wenzao. Msikilizaji wangu wa kwanza, nilipomuuliza kama aliona nilivyokuwa nikitetemeka, alinijibu kwa mshangao kuwa alidhani nimetulia.

Haya yote niliyahitaji kwa namna nyingine kabisa mama yangu alipofariki, na ndugu zangu wakaniomba niseme maneno ya kumuaga.

Nilikuwa na siku mbili tu. Niliandika ukurasa mmoja na nusu, na kwa mazoea nikafunga mlango ili niusome kwa sauti. Nilikuwa nimejiandaa kwa sentensi inayotaja siku yake ya mwisho. Nilikuwa nimeiwekea mistari miwili ya kituo. Sentensi hiyo ilipita salama. Iliyonisimamisha ilikuwa ya aya ya pili, ambayo niliiandika bila kuifikiria sana, iliyosema kuwa miwani yake ilivunjika mkono mmoja naye akaufunga kwa uzi mweusi, akaendelea kusoma nayo kwa miaka minne. Nilipofika kwenye "uzi mweusi" sauti ilikatika na sikuweza kuendelea. Nilikaa chini. Baada ya muda nilianza tena tangu mwanzo, ikakatika hapo hapo. Macho yalikuwa yameipita sentensi hiyo mara nyingi bila kunionya, na ni sauti pekee iliyojua uchungu umekaa wapi.

Niliwaza kuifuta. Jioni nilimsomea dada yangu mkubwa, nikairuka aya ile. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha nikamuuliza, kama ninavyomuuliza kila mtu, amesikia nini.

"Mdogo wangu," akasema, "umemtaja mama mara nyingi, lakini mimi sijamwona bado."

Nikamsomea aya ya miwani. Nilikwama, akangoja. Hakuniambia nijikaze wala hakunisaidia maneno. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesema, haya, tupo. Nikaimalizia. Akaniambia, "Hapo nimemwona. Hapo usipaguse." Tuliirudia mara tano usiku ule, na katika kila mara nilijifunza jambo dogo: kwamba nikivuta pumzi kabla ya "miwani" badala ya kabla ya "uzi" nafika mbali zaidi, kwamba nikisema polepole ni rahisi kuliko nikikimbia, kwamba macho yangu yasikae kwenye karatasi wakati huo bali kwenye kitu fulani kilicho mbele. Mara ya tano machozi yalitoka na sauti haikukatika. Sikuwa nimejua kabla ya hapo kuwa mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa.

Asubuhi tulifika kabla ya watu. Nilisimama mahali nitakaposimama, nikasema sentensi mbili nisikie mwangwi, nikikumbuka kuwa chumba kitupu huitikia zaidi ya chumba kilichojaa, kwa sababu miili na nguo za watu hunyonya sauti. Dada alichagua kiti cha safu ya mbele, mkono wa kulia, akanionyesha kwa kidole kuwa hapo ndipo atakapokuwa.

Zamu yangu ilipofika nilianza kwa sentensi niliyoikariri. Nilifika aya ya pili, nikavuta pumzi kabla ya "miwani", nikatazama mbele, na uzi mweusi ukapita. Nikasikia watu wakiguna taratibu, wale waliomfahamu na miwani yake. Kisha, katika aya ya mwisho, kwenye neno ambalo sikuliwekea alama yoyote, neno la kawaida kabisa la kuwashukuru waliokuja, sauti yangu ikasimama. Kulikuwa na kimya kirefu. Nikageuza macho mkono wa kulia. Dada alikuwa akitikisa kichwa polepole, kama alivyotikisa usiku ule chumbani. Nikavuta pumzi, nikarudi mwanzo wa sentensi, nikaisema yote.